Kanopi ya tenki la futi 6: ya kwanza ilivimba ikang'ang'ania kwenye kioo, naomba ushauri kabla sijakata mbao tena

baba_frontosa (Tabata)

Wakuu habari za mchana. Naombeni mawazo manake hii kitu nimeshaikosea mara moja na mfuko hauruhusu kuikosea mara ya pili. Nina tenki la samaki la futi 6, sentimita 180 urefu, 60 upana, 60 kwenda juu, kioo cha milimita 12, lipo sebuleni usawa wa ukuta. Kwa hesabu ya haraka ni lita 648 likijaa, kwahiyo maji peke yake ni zaidi ya nusu tani, bado mchanga na mawe. Ndani nina samaki aina ya frontosa 9 wa Kigoma, wale wa mistari saba, wakubwa wamefika sentimita 22 hivi na madume mawili yameanza kuota kile kinundu cha kwenye paji. Walikuwa 10, mtaona huko chini kwanini ni 9.

Tatizo ni kofia ya juu, ile inayoitwa kanopi, boksi la mbao linalokaa juu ya tenki likaficha taa na mapaipu. Mwaka jana nilimpa kazi fundi mmoja wa huku mtaani akanitengenezea kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ya kubandikwa karatasi ya rangi ya mbao, akapima kioo nje kwa nje bila kuacha hata nywele, ikaingia kama soksi. Siku ile hata mama watoto akasema sasa hicho ndo kitu cha kuweka sebuleni, kabla ya hapo alikuwa analiita bwawa. Basi ikaja masika. MDF ikavimba kule chini kwenye mvuke, karatasi ikabanduka, na kanopi ikashika kioo, haipandi haishuki. Kulisha nilikuwa napitishia chakula kwenye tundu la paipu. Siku ya usafi tukaishika watu wawili, mimi huku shemeji kule, tukavuta, nikasikia kioo kimelia "tik". Hakijapasuka, nimekagua kona zote na tochi, ila roho ilinitoka.

Afu joto. Ile kanopi ilikuwa imeziba pande zote, mchana tenki linasoma nyuzi 31 na hita hata haijachomekwa, samaki wanahema juu juu. Nikaitupa. Wiki haijaisha naamka asubuhi nakuta jike mmoja yuko sakafuni amekauka kama dagaa na paka amekaa pembeni anamwangalia, hata hajamgusa. Sa hivi juu kuna chandarua nimekifunga na mpira, wageni wakija naona aibu.

Nataka nitengeneze mwenyewe safari hii, randa na msumeno wa umeme ninavyo, drili ninayo. Naomba kujua mbao gani, niachie hewa wapi bila samaki kuruka, na ifunguke vipi nisihitaji shemeji kila Jumamosi. Ndani ya tenki juu kuna vile vipande viwili vya kioo vya kukaza katikati, filta ni ya nje ya makopo, paipu zinapanda nyuma kona ya kulia. Na nina mbao za mbili kwa mbili zilibaki kwenye kenchi za nyumba, naweza kuzitumia kwa fremu au?

chakubanga_7

MDF juu ya maji mkuu 😂😂 umechovya biskuti kwenye chai halafu unalalamika imelainika

fundi_wa_Keko

Mkuu usimcheke, wateja wengi wanaletewa hiyo hiyo manake inapendeza siku ya kukabidhi na fundi akishalipwa habari imeisha.

Nianze na hizo mbao za kenchi kabla hujazigusa. Angalia rangi yake, kama ina ukijani hivi basi ni mbao ya dawa. Ile dawa ya kiwandani inayosukumwa ndani ya mbao kwa presha mara nyingi ni shaba, kromiamu na aseniki, imewekwa humo ili mchwa na fangasi wafe. Sasa juu ya tenki mvuke unapanda unashika mbao unageuka matone, matone yanarudi kwenye maji, yamebeba shaba. Kama una konokono ndo wa kwanza kuondoka, samaki wanafuata taratibu na hutajua nini kimewaua. Na kama ni mbao ya kawaida ila ilipakwa ile dawa ya mchwa ya kununua dukani kwa kopo ni hivyo hivyo, zile nyingi samaki hawazihimili hata kidogo. Ziache zikafanyie banda la kuku.

Mbao ya kutumia, watu watakwambia mninga, na mninga ni mbao safi, haichezi sana na maji na ukiipaka vanishi inakaa kama dhahabu. Ila kanopi ya futi 6 yote mninga tupu unapata kitu cha uzito wa meza. Mkongo ndo kabisa, mzito zaidi. Halafu mbao nzima ya upana ule ukiinunua mbichi itapinda, na mbao zetu nyingi hapa mjini zinauzwa mbichi hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Mimi ningetumia plaiwudi ya marini ya milimita 12, ile iliyogundishwa na gundi isiyoachia kwenye maji, halafu mninga naweka ukingo tu kwa mbele na kwenye pembe ambapo macho yanafika. Mgeni ataona mninga, wewe unanyanyua plaiwudi.

Vipimo. Kosa la yule mwenzangu lilikuwa kupima sawa na kioo. Mbao inapumua, masika inanenepa kiangazi inakonda, achia milimita 4 kila upande. Kwahiyo ndani iwe sentimita 180.8 kwa 60.8, nje na unene wa bodi inakuja 183.2 kwa 63.2. Mbele kata kipande cha 183.2 kwa 25. Ubavu vipande viwili vya 60.8 kwa 25. Nyuma usifunge yote, weka ubao wa 183.2 kwa 8 tu kule chini ushikilie boksi lisitanuke. Juu napo usifunike yote, kata upana wa 45 halafu ugawe milango miwili, nyuma inabaki wazi sentimita 18 na kidogo. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha, jumlisha 45 na 25 na 8 ni 78, bodi ina upana wa 122, zinabaki 44 ambamo unalaza zile bavu mbili kwa urefu, na vipande vya kuimarisha unapata humo humo. Ila kumbuka msumeno unakula milimita 3 kila unapopita, wengi wanasahau hapo. Uzito wote utakuwa kama kilo 14 hivi na ukingo wake. Mtu mmoja ananyanyua.

Kanopi ikae juu ya kingo za kioo kwa kupitia mkanda wa mbao, kata vijiti vya moja kwa mbili uvigundishe ndani kuzunguka pande zote nne, sentimita 4 kutoka chini, vilale juu ya kioo na zile 4 za chini zishuke nje zikificha mstari wa maji. Katikati ya vijiti na kioo bandika sponji ya kujibandika, ile ya milango. Na hivyo vipande vya kioo vya kukaza visibebe kitu chochote.

mie_wa_Nyali

Asalaam. Fundi amesema vizuri sana, mie naongezea tu kwa upande wa pwani ya Mombasa, mie nina tenki la maji ya chumvi la futi 5 na kanopi hii ni ya tatu, kwa hiyo nishalia kilio chako mara mbili.

Hapo kwa vioo vya kukaza nataka uelewe kwa nini. Maji yakijaa kimo cha sentimita 60 kwenye kioo cha mbele cha 180, yanakisukuma kwa nguvu ya kama kilo 320. Hicho kipande kidogo cha juu ndicho kinazuia kioo kisitoke tumbo. Nyie mlipovuta kanopi iliyokwama mlikuwa mwavuta na kioo pamoja. Ule mlio ulikuwa onyo kaka, pita na kidole kwenye silikoni za juu uone kama kuna pahali imeachia.

Rangi ndipo watu hukosea. Plaiwudi hata ikiwa ya marini ukiacha ncha zake uchi maji yapita kwenye ncha kama kwenye sponji. Kila tundu la skrubu, kila pembe uliyokata, ipake kwanza. Mie hupaka epoksi ya mashua, ile mafundi wa boti hutumia, mikono miwili ndani, halafu juu yake rangi nyeupe ya kung'aa. Nyeupe kwa sababu taa irudishwe chini, ukiacha ndani rangi ya mbao nusu ya mwangaza yamezwa na mbao. Nje weka vanishi utakayo. Halafu ukishapaka USIWEKE juu ya tenki wiki mbili. Wacha ikauke kabisa kwenye hewa mpaka ukitia pua ndani husikii kitu. Ile kanopi yangu ya pili niliiweka siku ya tatu kwa papara, nikapoteza samaki wawili.

Silikoni ya kuziba viungo chukua ile safi ya vioo, usichukue ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Skrubu na bawaba stenilesi au shaba nyeupe, chuma cha kawaida kitaoza hata kama maji yako si ya chumvi, wewe wakaa Dar, hewa yenyewe yatosha.

Na joto, mie ningeweka feni. Feni mbili za kompyuta za voti 12, sentimita 12, zipulize juu ya maji. Si upepo ndio wapoza, ni maji kuondoka kama mvuke. Kwa tenki lako lita moja hivi ikiondoka kwa mvuke yachukua joto la kushusha maji yote nyuzi moja, sema nalo joto la chumba linarudi ndani muda wote kwa hiyo hutoona nyuzi kumi zikishuka. Hapa kwetu kaskazi hewa imejaa maji tayari, feni zashusha nyuzi 2, bahati ikiwa nzuri 3.

fundi_wa_Keko

Shaba nyeupe ndo nini tena ndugu yangu wa Nyali, sema brasi watu waelewe. Ila brasi si ni shaba hiyo hiyo tuliyosema inaua?

mie_wa_Nyali

Haha umenishika. Kweli. Kwa nje sawa, kwa ndani mote stenilesi. Nimesahihishwa.

baba_frontosa

Aisee nashukuruni sana, sikutegemea. Mbao za kenchi nimeenda kuziangalia na tochi sasa hivi, kijani kabisa. Nilikuwa nishazipima kwa penseli!

Swali, hizo feni zipulize kwenda ndani au zivute kutoka ndani? Fundi wa kompyuta hapa jirani anasema zivute nje kama kwenye kompyuta. Na umeme wake nauweka wapi, nilifikiria kupigilia ekstensheni ndani ya kanopi kwa juu ili waya zisionekane.

mama_saketi

Hapana hapana hapana. Baba, ekstensheni ndani ya kanopi utaua mtu, na mtu mwenyewe ni wewe Jumamosi ukiwa na mkono mpaka kwapa kwenye maji.

Mimi ni fundi umeme kwa hiyo nitaongea lugha yangu. Ndani ya kanopi kusiingie kitu chochote cha voti 230 kinachoweza kukwepeka. Taa na feni chukua za voti 12, ile adapta yake ibaki nje, ukutani, juu ya usawa wa maji ikiwezekana. Kinachoingia ndani ni waya mwembamba wa voti 12 tu. Waya wowote unaotoka kwenye tenki kwenda kwenye soketi ushushe kwanza chini kuliko soketi halafu ndo upande uingie, ili maji yakitembea juu ya waya yadondoke pale chini kwenye kijipinda yasiingie kwenye soketi. Kitu cha bure kabisa na wengi hawafanyi.

La pili, laini ya lile tenki iweke breka ya kuvuja umeme, ile ya miliampea 30. Breka ya kawaida kwenye boksi lako inalinda waya zisiungue, hailindi mwili wako. Hii ya miliampea 30 inapima umeme unaokwenda na unaorudi, ukipungua kidogo tu inakata kabla hujasema "ah". Ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila mwezi.

Taa angalia namba kwenye boksi. IP65 inahimili maji ya kurushiwa, IP67 hata ikizama kwenye maji ya mita moja nusu saa haidhuriki. Wewe chukua 67 manake siku moja itaponyoka kwenye klipu.

Feni zipulize kwenda NDANI. Fundi kompyuta anazungumzia joto la kompyuta, hewa kavu. Ukivuta mvuke wa tenki ukapita kwenye mota ya feni, miezi mitatu feni inaanza kulia kama mbuzi. Vuta hewa kavu ya sebuleni ipite kwenye mota kwanza, iingie ubavuni, itambae juu ya maji, itokee kule nyuma ambako fundi ameacha wazi. Zote mbili upande mmoja, usiziweke zinatazamana zikagombana.

ujiji_kando_ya_ziwa

Habari za huko mjini. Mimi ni wa Kigoma, hao samaki wako ni majirani zangu. Naona mnaongelea mbao vizuri ila hakuna aliyeuliza kwanini yule jike aliruka.

Frontosa sio samaki wa kuruka ovyo. Ni mzito, mvivu, anakaa chini kwenye miamba mita 20, 30 na kuendelea, mwanga kule ni hafifu na maji ni nyuzi 25 hivi. Alfajiri ndo anapanda kula visamaki vidogo vikiwa bado vimelala, mchana anashuka. Wanaoruka ni hao wadogo wanaoliwa, wale siprikromisi, hao hata ukipiga chafya wanatoka. Frontosa akiruka ujue ameshtushwa. Sasa nikuulize, usiku ule umeme ulikatika?

baba_frontosa

Dah. Ndio. Ulikatika kama saa 4 usiku tukaenda kulala, sijui ulirudi saa ngapi.

ujiji_kando_ya_ziwa

Na taa ya tenki ulikuwa umeizima kwenye swichi?

baba_frontosa

Nahisi sikuizima mkuu. Asubuhi niliikuta inawaka.

ujiji_kando_ya_ziwa

Basi umepata jibu. Giza totoro, samaki wamelala, saa 8 usiku umeme unarudi taa inawaka ghafla kama radi. Yule akakimbilia njia pekee aliyoiona, juu. Paka msimsingizie.

Weka taima ya taa, tafuta ya kidijitali yenye betri yake ndani. Zile za kuzungusha zinasimama umeme ukikatika, ukirudi saa yake iko nyuma na taa inaendelea kuwaka mpaka usiku wa manane. Hii yenye betri ikirudiwa na umeme saa 8 usiku inajua ni usiku, taa inabaki imezimwa. Na taa yenyewe usiweke kali. Naona watu wananunua taa za kukuzia mimea kwa samaki ambaye kwao kuna kiza. Mstari mmoja wa LED nyeupe kwa mbele unamtosha, na asubuhi washa taa ya sebuleni kwanza dakika kumi ndo taa ya tenki ifuate, jioni kinyume chake. Ukiweka nyingi watajificha nyuma ya mawe siku nzima na utadhani wanaumwa.

Huo uwazi wa nyuma ziba na wavu wa plastiki mgumu, tundu la kama nusu sentimita, uukaze kwenye fremu nyembamba. Frontosa wa sentimita 22 akiamua kugonga chandarua anapita nacho.

Joto usilifanyie mchezo. Kwenye nyuzi 31 maji yanabeba hewa kidogo kuliko kwenye 25, na samaki huyo huyo mwili wake unadai hewa zaidi. Ndo maana walikuwa wanahema juu. Hata kama hujakata mbao, leo hii geuza bomba la filta lipige juu ya maji yatibuke.

chakubanga_7

Paka amesafishwa jina 😂 mpeni dagaa wa fidia

mwl_wa_kemia

Naingilia kidogo. Mkiongeza mvuke kwa feni mnaongeza pia chumvi zinazobaki, maji yakiondoka madini hayaondoki. Unajaza, unajaza, ugumu unapanda. Kwa samaki wa Tanganyika si tatizo kubwa maana ziwa lenyewe ni gumu na pH yake iko karibu na 9, ila usidhani kujazia ni sawa na kubadilisha maji. Badilisha robo kila wiki kama kawaida. Na maji ya bomba yana klorini, hata ya kujazia tu yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini.

baba_frontosa (wiki tano baadae)

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa ukimya, yale mambo ya kusubiri rangi ikauke wiki mbili yalinifanya nione aibu kuandika kitu nusu nusu.

Nimekata mwenyewe. Vipimo vya fundi_wa_Keko vyote nilivifuata isipokuwa palepale aliposema wengi wanasahau, na mimi nikasahau. Nilichora mistari yote kwenye bodi kwa mara moja badala ya kukata kimoja kwanza ndo nipime kinachofuata, kwahiyo ubavu wa pili ukatoka 60.5. Nikapunguza na wa kwanza ulingane. Imeingia, imebaki nafasi ya milimita mbili na nusu tu kila upande kwa mbele na nyuma, nimeisugua msasa kwa ndani, tuone masika inasemaje. Milango miwili juu, kila mmoja bawaba tatu, nimeziegemeza kwenye ubao wa mbili kwa mbili wa mninga unaotoka ubavu mpaka ubavu, ule nilinunua upya. Mlango wa mbele hamna, niliona kipande cha mbele kikikatwa kitalegea, nalisha kwa juu.

Bodi ya mbele ilikuwa inataka kutoka tumbo katikati, futi 6 kwa milimita 12 sio mchezo, nikagundisha kijiti cha moja kwa mbili kwa ndani juu ikatulia. Hili fundi hukunitajia 😀

Epoksi nilipata kwa watu wa boti kule Kunduchi, mikono miwili, ndani nyeupe. Harufu ilikuwa inaisha mchana inarudi jioni, nilikaribia kukata tamaa nikamkumbuka jamaa wa Nyali na samaki wake wawili. Siku 16 nimeiacha kibarazani.

Joto: kabla ya feni na kanopi mpya, saa 9 alasiri lilikuwa linasoma 30. Sasa saa hiyo hiyo linasoma 27.8, usiku linashuka 26.5. Maji yanapungua, nilikuwa najazia ndoo ya lita 20 kila siku ya nne, sasa ni kama siku mbili na nusu hivi. Bili ya umeme ya feni hata haionekani.

Ambalo sikulitegemea ni ukuta. Ile hewa yenye mvuke inatokea nyuma inapiga ukuta, wiki ya kwanza tu nikaona doa la ukungu. Tenki liko sentimita 6 kutoka ukutani na siwezi kulisogeza, nimekwangua nikapaka rangi ya mafuta sehemu ile na nimeweka bati jembamba la alumini limeinama kidogo kuelekeza hewa juu. Kwa anayefikiria kujenga, acheni nafasi ya kutosha nyuma kabla hamjamwaga maji, baadae ni majuto.

fundi_wa_Keko

Kijiti cha mbele ni kweli nilisahau, na ni kosa langu. Hongera mkuu. Milango inakaa wazi yenyewe au unaishika na mkono?

baba_frontosa

Nimefunga cheni fupi kila mmoja, unaegemea nyuma kidogo unabaki hapo. Nilifikiria zile gesi za makabati ya jikoni ila mlango wenyewe ni kama kilo tatu, naona zitausukuma mpaka unitoe jino.

mama_saketi

Breka ya miliampea 30?

baba_frontosa

Ipo mama. Nimebonyeza kitufe leo asubuhi, ikakata, na TV ikazima watoto wakiwa kwenye katuni. Kumbe laini moja.

mama_saketi

Vizuri. Hiyo TV itenganishe.

ujiji_kando_ya_ziwa

Picha mkuu, tuwaone majirani zangu.

baba_frontosa

Kesho mchana. Taima imezima taa saa 3 kamili na siwashi kwa ajili yenu.